Nyumba ya Kericho si nyumba ya Mombasa: kwa nini ramani moja haifai kila mahali

Ukisafiri kutoka Likoni hadi Litein utapita hali ya hewa tatu au nne tofauti, lakini nyumba mpya utakazoziona njiani ni ile ile. Kuta nyembamba za matofali, madirisha ya vioo vya kuteleza, mabati ya rangi, na upenu uliokatwa mfupi ili kupunguza gharama. Ramani imetolewa kwenye simu, fundi ameisoma, mwenye nyumba ameipenda. Hakuna aliyeuliza jua linachomoza upande gani wa kiwanja, wala upepo unatoka wapi.

Matokeo yake, ndugu msomaji, ni kwamba mtu wa Mombasa analala juu ya sakafu kwa joto na mtu wa Kericho analala na jiko chumbani kwa baridi, na wote wawili wamejenga nyumba moja. Mmoja analipa bili ya umeme, mwingine analipa kuni na makaa, na mara nyingine analipa kwa roho yake. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi na mahandisi.

Mimi nilisomea ujenzi kwa kiwango cha diploma, na kazi hiyo imenipeleka bara mara kadhaa. Katika safari zote hizo, zilizonifunza zaidi kuhusu joto ni zile za nchi ya chai, Kericho na Bomet. Huenda ukashangaa. Mtu wa Pwani afuate somo la joto kwenye baridi? Nitaeleza.

Ikweta yenye sweta

Kericho iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta. Kwa ramani ya dunia, inapaswa kuwa na jua kali kuliko Mombasa, iliyo digrii nne kusini. Na jua lenyewe ni kali kweli. Mchuma chai atakwambia. Tofauti ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzijoto sita hivi. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo hewa yake ni baridi kuliko yetu kwa nyuzijoto zaidi ya kumi. Mchana kunapendeza, usiku sweta haina mjadala.

Lakini usidhani kaunti nzima ni majani chai. Shuka kutoka Kericho kuelekea Soin, upande wa tambarare za Kisumu, na katika mwendo wa muda mfupi unaacha chai unakuta miwa, na joto linalokukumbusha Kilifi. Upande wa Bomet ni vivyo hivyo. Silibwet na Tenwek ni kijani na ubaridi, lakini ukiteremka Chepalungu na Mulot nchi inakauka na jua linachoma. Shule ya Soin na shule ya Kericho mjini ziko chini ya kaunti moja. Ukizijenga kwa ramani moja, mojawapo lazima iumie.

Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilichapisha mwaka 2014 kitabu kizima kuhusu ujenzi katika nchi za joto za Afrika Mashariki. Waandishi wake waligawa eneo letu katika kanda sita za hali ya hewa, na kila kanda wakaipa ushauri wake. Jambo la kwanza la kujua, basi, ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa "nyumba ya nchi za joto". Kuna nyumba ya mahali.

Jua linaingia kwa mlango gani

Joto la jua huingia nyumbani kwa njia tatu: paa, kuta na madirisha. Kwetu sisi wa karibu na ikweta, paa ndilo linalopigwa zaidi, kwa sababu saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima. Halafu zinafuata kuta za mashariki na magharibi, ambazo jua la asubuhi na la jioni huzipiga likiwa chini, usoni kabisa. Kuta za kaskazini na kusini hupata afueni.

Hesabu ni nyepesi. Kericho, hata jua linapoinama zaidi, mwezi Juni na Desemba, saa sita mchana bado liko digrii 66 hivi juu ya upeo. Upenu wa sentimita 66 unatosha kulitia kivuli dirisha la urefu wa mita moja na nusu lililo ukuta wa kaskazini au kusini, ikiwa dirisha limeanzia pale pale chini ya upenu. Mombasa, kwa sababu tuko kusini zaidi, jua la Juni huinama upande wa kaskazini kidogo zaidi, na upenu wa upande huo unahitaji kufika karibu sentimita 80. Hiyo ni tofauti ya kiganja tu, lakini fundi anayekata upenu kwa sentimita 20 hajampa mwenye nyumba kivuli chochote.

Kwa jua la asubuhi na la jioni, upenu hausaidii. Dawa yake ni kuilaza nyumba vizuri: ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, ncha fupi zitazame mashariki na magharibi. Hili halina gharama. Ni kuamua tu kabla ya kuchimba msingi.

Hapo ndipo Kericho inapoongeza jambo lake. Huko asubuhi mara nyingi kumetakata. Mchana mawingu yanaanza kujikusanya, kwani hewa yenye unyevu ya Ziwa Victoria inapanda milima na kukutana na upepo wa mashariki, na alasiri mvua inaanguka, mara nyingi ikiwa mvua ya mawe. Kwa hiyo jua la asubuhi ndilo la kutegemewa. Mjenzi mwerevu wa Kericho huacha dirisha upande wa mashariki ili sebule na chumba cha watoto vipate joto baada ya usiku wa baridi. Dirisha hilo hilo, ukilipeleka Soin au Mombasa, unakuwa umejichongea tanuri.

Mabati, kelele na watoto wa shule

Sina ugomvi na mabati. Ni mepesi, yanafungwa kwa siku moja, na yanavuna maji. Ugomvi wangu ni mabati matupu, bila dari. Bati ni jembamba mno; halizuii joto wala baridi. Jua likilipiga linapata moto na kuumwaga chini juu ya vichwa vya watu. Usiku linapoa haraka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na katika nchi ya chai hewa yenye unyevu ikiligusa kutoka ndani hugeuka matone. Wengi wa huko wanadhani paa linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zinazowarudia.

Kisha kuna kelele. Eneo la Kericho na Nandi linajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Nimesimama katika darasa moja la Bomet mvua hiyo ikishuka juu ya bati tupu. Mwalimu aliweka chaki chini, akafunga mikono, akangoja. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Hesabu ni alasiri ngapi kwa muhula, uone ni masomo mangapi yanayoliwa na paa.

Dari moja hutibu yote matatu: joto, baridi na kelele. Si lazima liwe la jipsam ya kifahari. Mbao, au hata mikeka minene iliyotengwa na bati kwa nafasi ya hewa, inasaidia. Pale penye joto, nafasi hiyo kati ya bati na dari iachiwe matundu pande mbili ili hewa moto itoke. Pale penye baridi, juu ya dari iwekwe kitu cha kuhifadhi joto. Rangi nayo ina kazi: bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, bati la rangi ya kahawia au nyeusi huimeza. Kwa Mombasa na Soin, chagua jeupe.

Ukuta unaokumbuka

Ukuta mnene wa mawe au udongo una tabia moja ya ajabu: unachelewa. Jua la saa sita haliufikii upande wa ndani hadi usiku. Ukiwa na mahali penye mchana wa joto na usiku wa baridi, ucheleweshaji huo ni neema, kwa kuwa joto la mchana linakufikia wakati unalihitaji, na ubaridi wa usiku unakufikia mchana.

Nchi ya chai ni mahali hasa pa ukuta wa namna hiyo, na wazee wa Kipsigis walilijua hilo kwa njia yao. Nyumba ya duara, ukuta wa udongo, paa nene la nyasi lililoshuka chini kama kofia: nyasi zinazuia, udongo unatunza, na umbo la duara linaupa upepo wa baridi ukuta mdogo wa kuupiga. Leo mahali pake pamechukuliwa na nyumba za mabanzi na za mabati zenye nyufa zinazoingiza upepo wa usiku. Zina sura ya maendeleo, lakini kwa joto la mwili ni kurudi nyuma.

Wako waliotumia kanuni hiyo hiyo kwa majumba makubwa. Kule Harare, jiji la nyanda za juu kama hizo, mwaka 1996 lilikamilika jengo la Eastgate lililobuniwa na Mick Pearce. Halina mitambo ya kawaida ya kupozea hewa. Usiku hewa baridi hupitishwa ndani, zege zito linapoa, na mchana zege hilo linapoza hewa ya ofisi. Ni kazi ya kusifiwa, lakini tusikimbilie kuiiga Mombasa. Usiku wa Machi kwetu joto haliteremki sana chini ya nyuzijoto 25. Zege litapozwa na nini?

Baridi inayoua

Hapa kuna jambo ambalo ndugu zetu wa nchi ya chai wanalijua kwa uchungu. Usiku ukiwa mkali, nyumba ikiwa ya chumba kimoja na kuta za bati, mtu huingiza jiko la makaa, hufunga dirisha, huziba nyufa kwa matambara, hulala. Makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki. Kila mara tunaposikia habari hizo redioni, lawama humwendea marehemu kwamba alikuwa mjinga. Mimi nasema nyumba nayo iulizwe. Nyumba iliyotunza joto la mchana isingemlazimisha kuchagua kati ya baridi na sumu.

Na tuseme wazi: hata nyumba iliyojengwa vizuri namna gani, jiko la makaa halilali na watu. Kila chumba kiwe na tundu la hewa lililo juu, lisilozibwa kamwe. Mahali pa kupikia pawe na dohani.

Kuna na deni la msitu. Kuni zinazowasha nyumba za Kericho na Bomet hazitoki mbinguni. Msitu wa Mau uko mlangoni pao, na humo ndimo unamoanza mto Mara. Nyumba inayotunza joto inapunguza mzigo wa kuni mgongoni mwa mama na inapunguza shoka msituni. Kwa sababu hiyo nasema matofali ya udongo na saruji kidogo, yaliyoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa, yanafaa kule kuliko yale ya tanuri linalokula miti.

Kanisa na kiwanda

Mimi ni Muislamu, na elimu sikuionea haya kuifuata penye msalaba. Mjini Kericho kuna kanisa kuu la Kikatoliki lililokamilika mwaka 2015, kazi ya wasanifu John McAslan + Partners wa London. Linachukua waumini 1,500 hivi. Paa lake la vigae ni refu na limeshuka chini pande zote mbili, likibebwa na matao ya zege yanayozidi kukua kadiri unavyoelekea madhabahuni. Ndani mbao nyembamba zimepangwa kufuata paa, na juu kabisa umeachwa ufa mrefu wa mwanga. Ubavuni kuna milango mingi. Ikifunguliwa, hewa inapita na waumini wanaweza kutandaa hadi nje. Vigae vinapunguza kelele ya mvua, mbao zinazuia joto na baridi, mwanga unatoka juani.

Darasa la pili ni kiwanda cha chai. Majani mabichi hunyaushwa kwanza kabla ya kusagwa. Hutandazwa juu ya wavu katika mahandaki marefu, na mafeni husukuma hewa kutoka chini. Hewa inayopita inabeba unyevu wa jani na kwenda nao. Hewa ikisimama, jani halinyauki vizuri.

Basi hilo ndilo somo la Pwani zima. Ngozi yako ni lile jani. Mombasa, hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na kinachotuokoa si ukuta mnene bali hewa inayotembea. Wazee wetu walilijua. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina ukumbi unaopita katikati kutoka barazani hadi uani, ili upepo upite moja kwa moja. Paa la makuti linapumua. Huko Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, nyumba za matumbawe zina kuta nene, lakini vichochoro ni vyembamba vya kutiana kivuli, na vyumba vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki mbali, vimepangwa kuuelekea uwanda wa ndani unaoleta hewa na mwanga. Na tuna bahati ambayo Kericho haina: pepo mbili zenye ahadi, kaskazi na kusi. Madirisha ya ubavu wa kaskazini na wa kusini yanazipokea zote.

Penye joto kali lisilo na upepo wa kutegemewa, kuna njia nyingine. Kando ya Ziwa Turkana, Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alijenga chuo cha Startup Lions chenye minara mirefu mfano wa vichuguu. Hewa moto hupanda na kutokea juu, ya chini ikaingia kuchukua nafasi yake. Watu wa Soin na Mulot wangefaidika zaidi kwenda kuangalia huko kuliko kuiga ghorofa za vioo za Nairobi.

Hesabu ya mfukoni

Ramadhani za miaka hii zimeangukia Februari na Machi, miezi yetu ya joto kuliko yote. Katika misikiti mingi mipya nimeona jambo lile lile: madirisha ya vioo yaliyofungwa, dari la chini, na michango ya Ijumaa ikiombwa kununua viyoyozi. Mchango wa kununua ni mmoja. Wa kulipa umeme hauna mwisho.

Tupige hesabu ya chumba kimoja cha nyumbani. Kiyoyozi kinachokula kilowati moja, kwa saa nane za usiku, kwa siku 30, ni uniti 240. Tukikadiria shilingi 25 kwa uniti, ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa muda huo huo ni uniti 14 na kidogo, yaani shilingi 360. Feni haipozi hewa, inaitembeza tu. Lakini katika chumba chenye paa jeupe, dari lenye matundu na madirisha mawili yanayotazamana, kutembea kwa hewa kunatosha usiku mwingi wa mwaka. Katika chumba cha bati tupu, feni inakupulizia moto.

Serikali nayo imetunga Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968. Ni hatua. Lakini kanuni haiji kiwanjani. Anayekuja ni fundi. Kwa hiyo kabla hujamlipa, awe wa Kisauni au wa Sotik, muulize haya matano.

Jua linachomoza na kutua upande gani wa kiwanja, na ubavu mrefu wa nyumba utatazama wapi?

Upenu una sentimita ngapi?

Kati ya bati na kichwa changu kutakuwa na nini?

Hewa itaingilia wapi na itatokea wapi, mlango ukiwa umefungwa?

Na mwisho: hapa tunapojenga, adui ni joto la mchana, baridi ya usiku, au unyevu?

Akijibu la tano vizuri, mengine manne yatajijibu. Akikwambia nyumba ni nyumba tu, mwambie asante, na umtafute fundi mwingine kabla ya kokoto kumwagwa. Kamati za misikiti, madrasa na shule ziyaulize haya kabla ya watu binafsi, kwani zenyewe zinajenga kwa fedha za wachangaji, na watakaokaa chini ya paa hilo kwa miaka arobaini ni watoto ambao hakuna aliyewauliza.